Mifuko Iliyogeuzwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi kabla sijamaliza kuanika. Nimeanua mbio na kuzitundika nguo sebuleni, kwenye misumari aliyoipigilia mume wangu kwa ajili ya msimu kama huu. Ni wiki ya sita tangu tumzike. Hili daftari alilinunua yeye kuandikia namba za wateja. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wake, zilizobaki nimezichukua mimi. Niliishia darasa la saba, lakini barua najua kuandika, na hii naona ni kama barua, ila sina wa kumpelekea.

Kazi yetu ni udobi. Mimi nilifua, yeye alipiga pasi. Sasa nafanya yote mawili na kola bado zinanishinda. Yeye alikuwa akijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya shati kabla ya kulipiga pasi. Wateja walichukia, kwa hiyo alisubiri waondoke. Mimi nanyunyiza kwa vidole. Haiwi sawa.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, tarehe 6

Mama anakaa sebuleni chini ya nguo za watu. Ni mama mkwe wangu, lakini nimemwita Mama miaka ishirini na mitatu, na mtaa mzima unamwita Bibi. Macho yake yana ukungu, anaona mwanga tu. Nguo anazitambua kwa harufu, hata zikiwa zimefuliwa kwa sabuni ileile. Leo ameshika mkono wa shati moja akaliuliza, "Muuza nyama, hujambo? Mke wako bado anakununia?" Nimecheka peke yangu jikoni. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Yeye alizaliwa upande wa pili wa mpaka. Alivuka na mume wangu mgongoni akiwa mtoto wa miezi minne, miaka hamsini na moja iliyopita. Hana karatasi yoyote zaidi ya kadi ya hospitali. Lafudhi ya kwao haijamtoka, na akikasirika inazidi.

Jumapili, tarehe 9

Leo mvua imepumzika, watu wamekaa barazani kwa Gundi. Gundi ni fundi viatu, tunapakana naye ukuta mmoja, na alikuwa rafiki wa mume wangu kuliko ndugu. Uchaguzi umebaki wiki tano, na mazungumzo yote ni yule mgombea wanayemwita Mfagizi. Anatembea na ufagio kwenye mikutano. Anasema nchi imejaa vumbi lililoingia na miguu ya wageni, na kwamba yeye akipita, ndani ya siku mia moja kila aliyezaliwa ng'ambo atarudishwa kwao. Gundi alichukua ufagio wake wa dukani akamwigiza anavyopanda jukwaani, tumbo mbele. Mwalimu wa shule ya mtaani alicheka mpaka akavua miwani. Mama naye alicheka, akaomba amfanyie tena.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amepita na lori lake jioni. Hakucheka. Amesema huko anakopita watu hawacheki, wananyamaza. Familia yake ameshaihamishia ng'ambo, na anataka kumchukua Mama kabla ya kura. Nimemkatalia. Nimemwambia sisi hapa tunajulikana. Siku ya msiba Gundi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mwenzake. Muuguzi wa nyumba ya kona alilala nami siku tatu, nikiamka naye anaamka. Mwalimu aliandika tangazo na kulisoma. Muuza nyama alifunga bucha siku nzima. Nimkimbize Mama, tumkimbie nani?

Shemeji akasema, "Sawa, shemeji. Lakini simu yangu unayo."

Ijumaa, tarehe 14

Mume wangu aliacha desturi moja ambayo naifuata. Kila nguo inayoingia, kwanza mifuko. Chochote kitakachopatikana, hata kijiti cha meno, kinawekwa kwenye bahasha ndogo yenye namba ya mteja na kubanwa na pini kwenye nguo ikishapigwa pasi. Alisema mtu akishakuamini na mfuko wake, basi umempata.

Leo, kwenye sare ya muuguzi, nimekuta kadi ngumu ukubwa wa kiganja, ina picha ya ufagio na namba kwa wino mwekundu: 112. Nimeiweka kwenye bahasha kama kawaida. Alipokuja kuchukua aliichungulia, akasema alipewa sokoni na mtu asiyemjua, nitupe tu. Nikanyoosha mkono niipokee. Akaifunga bahasha akaitia kwenye pochi.

Jumatano, tarehe 19

Nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye suruali ya mwalimu. Amesema wanafunzi wake wanaokota takataka za kila namna, aliinyang'anya darasani. Ya pili ni kwenye koti la muuza nyama. Yeye amesema mteja mmoja mlevi alimchomekea mfukoni. Wote wawili wameniambia nitupe. Wote wawili wameondoka nazo.

Nilipomwaga maji ya mwisho nimekumbuka namba ya muuza nyama. 113. Muuguzi alipewa sokoni na mtu asiyemjua, huyu alichomekewa na mlevi buchani, na namba zao zinafuatana kama watu waliosimama mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake.

Alhamisi, tarehe 20

Kola ya leo imekaa vizuri. Nimemwonyesha Mama kwa kumpapasisha. Amesema bado, ila inaelekea.

Jumatatu, tarehe 24

Kadi zimefika saba. Sisemi kitu. Naweka kwenye bahasha, nabana pini, nawapa. Hakuna anayeuliza nilichokiona, nami simuulizi mtu. Barazani kwa Gundi wanamcheka Mfagizi kama zamani, ila nimeanza kuona kwamba kila mmoja, kabla ya kucheka, anamwangalia kwanza mwenzake.

Gundi sijakuta kitu chake. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ijumaa, tarehe 28

Nilikwenda kuchukua viatu vya Mama kwa Gundi, redio inaongea. Mfagizi alikuwa anasema serikali haijui wageni wako wapi, bali mitaa inajua. Kila mtaa una watu wake na kila mtaa utaleta orodha yake. Makofi yalikuwa mengi kama mvua juu ya bati. Mwalimu alikuwepo, na muuza nyama, na wengine wawili. Hakuna aliyemwigiza. Gundi akaizima redio, akasema betri zinaisha.

Redio yake ni ya umeme. Waya niliuona.

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Leo nimepokea nguo za nyumba tano. Mifuko yote mitupu. Si mitupu tu, imegeuzwa. Suruali zote zimeletwa mifuko ikining'inia nje kama ndimi, mashati mifuko imepinduliwa na kukung'utwa. Hakuna tiketi, hakuna kijiti, hakuna hata uzi. Miaka yote hii nilikuwa nikiwaambia watu wakague mifuko kabla ya kuleta nguo na hakuna aliyenisikia. Sasa hakuna nyumba iliyosahau, na hakuna aliyewaambia.

Nimekaa na rundo lile mbele yangu bila kuchota maji kwa muda mrefu. Bahasha sikuihitaji hata moja.

Alhamisi, tarehe 3

Wamezidi kuwa wema. Muuguzi amemletea Mama dawa ya matone ya macho bila kuombwa. Mwalimu amemletea kiti cha kuegemea. Muuza nyama anatuma mifupa ya supu kila siku ya pili. Wanakaa naye, wanamshika mkono, wanamuuliza maisha yake. Alizaliwa mwaka gani? Kijiji chao kiliitwaje? Alivukia wapi, na nani alimpokea?

Mama ameng'aa. Hakuna aliyemuuliza mambo hayo tangu mimi nilipokuwa bibi harusi. Anawasimulia polepole, na akisahau mwaka anarudi nyuma mpaka aupate. Leo mwalimu alikuwa na kalamu.

Jumapili, tarehe 6

Mvua siku ya nne bila kukatika. Kamba zimejaa mpaka mlangoni, na mchana umekuwa na giza kwa sababu ya mawingu. Nimeingia sebuleni na beseni nikasimama. Nguo zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, upande wa kiti cha Mama. Najua ni mimi niliyezitundika na najua nilizitundika hivyo ili zipate upepo wa dirisha. Lakini zilikuwa na mabega. Ilikuwa kama mtaa mzima umeingia bila kubisha hodi, ukasimama kumtazama.

Mama akageuza uso. Akasema, "Leo wamejaa. Mbona hawasemi?"

Nikamwambia ni nguo, Mama. Akanijibu kwamba anajua ni nguo, mimi namwona yeye mtoto?

Alhamisi, tarehe 10

Shemeji amepiga simu. Nimemwambia bado.

Jumapili, tarehe 13

Kura. Mvua ilikatika saa mbili asubuhi. Kituo chetu ni shule anayofundisha mwalimu. Chaguzi zilizopita foleni ilikuwa kama sherehe, watu wanataniana, mume wangu akiwauliza wanawake kama wamepiga kura au wamekuja kuonyesha nguo alizozipiga pasi. Leo kila mtu alitazama kisogo cha aliye mbele yake. Nilikuwa nayajua mashati yote ya mstari ule. Najua lililobadilishwa vifungo, najua lenye doa la kutu kwapani. Nimesimama saa mbili nikitazama migongo ya kazi yangu.

Gundi alinisalimia akaniuliza hali ya Mama. Tulipofika mlangoni akaniuliza tena, kana kwamba hakuniuliza.

Jumanne, tarehe 15

Karatasi ya matokeo imebandikwa kwenye mlango wa darasa. Waliopiga kura kituo chetu ni mia nne na wawili. Mfagizi amepata mia tatu na kumi na wanane.

Nimeisoma mara tatu. Nilidhani nimesoma mstari usio wake.

Nchi nzima anaongoza ila hakufika nusu, kwa hiyo kuna duru ya pili tarehe nne Mei, yeye na aliyemfuata. Mwalimu alikuja akasimama kando yangu, akatikisa kichwa. Akasema hajui watu hawa wametoka wapi. Muuza nyama akasema lazima ni wale wa mtaa wa juu. Mtaa wa juu wanapigia kura shule nyingine, na yeye anajua, maana bucha yake ya kwanza ilikuwa huko. Muuguzi alinishika bega akasema pole, kama alivyosema siku ya msiba, kwa sauti ileile. Watu walikuwa wanaongezeka pale mlangoni. Kila aliyesoma alishangaa. Nimewaangalia nyuso zao moja baada ya nyingine na mshangao ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililonitia baridi. Nadhani kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Jumatano, tarehe 16

Watu wamekuja kuchukua nguo kama kawaida. Mia tatu na kumi na wanane katika mia nne na wawili ni kama wanne katika kila watano. Akiingia mtu nasema moyoni, mmoja. Akiingia mwingine, wawili. Siku nzima nimekuwa namtafuta wa tano. Nampokea kila anayeingia kwa tabasamu, namwangalia machoni, nasema, pengine ni wewe. Halafu anaondoka nabaki sijui.

Mama ameniuliza kwa nini leo nawashukuru wateja mara mbili mbili.

Ijumaa, tarehe 18

Leo nimemuuliza Gundi.

Sikupanga. Nilikwenda kumpelekea shati lake mchana, hakukuwa na mtu barazani, alikuwa anashona soli. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na ghafla nikakumbuka kwamba kiti kile mume wangu alikuwa akikikalia na kukilalamikia mguu mfupi miaka yote, na Gundi hakukitengeneza, wakabaki na ugomvi huo kama mchezo. Nikaona kwamba huyu mtu siwezi kumwongopea, na kama naye hawezi kuniambia kweli, basi hakuna mwingine. Nikamuuliza alimpigia nani.

Aliendelea kushona mishono mitatu minne. Kisha akasema, "Nilimpigia yeye, shemeji."

Aliweka kiatu chini. Akaniambia amechoka. Viatu vya plastiki vya bei ya chini vimejaa kila mahali, watu hawashoni tena, wanatupa. Mwanawe amesoma na yuko nyumbani mwaka wa nne. Wote waliowahi kuja kuomba kura walimwambia subiri. Huyu peke yake ndiye aliyemwambia kosa si lake. Alisema anajua ni mtu wa hovyo, ndiyo maana anamwigiza. Lakini akiwa peke yake kwenye kile kibanda, na kalamu mkononi, hakucheka.

Nikamuuliza, na Mama je?

Alinitazama kwa mshangao, kama nimemtukana. "Mama si miongoni mwao. Mama ni wetu. Hivi unadhani mimi naweza kumwacha Mama aguswe?"

Halafu akanieleza, na alinieleza kwa fahari, kama mtu anayemtolea mwenzake zawadi aliyokuwa ameificha. Karatasi ya mtaa huu alipewa yeye aijaze. Ni orodha ya wote waliozaliwa ng'ambo, majina, umri, nyumba, mwaka wa kuvuka. Pembeni kuna nafasi ndogo ya maelezo. Akamwandika Mama, na kwenye ile nafasi akaandika kwamba ni mtu mwema, amekaa miaka hamsini, aachwe. Tena hakuwa peke yake. Muuguzi alikwenda kwake kwa siri kumwomba asisahau kumweka Bibi. Muuza nyama alikwenda. Mwalimu alimletea tarehe kamili na jina la kijiji, kwa mwandiko mzuri, ili pasiwe na makosa. Watu kumi na mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyemkumbuka, na kila mmoja akimwomba asimwambie mtu.

Nikauliza karatasi iko wapi. Akasema ameshaipeleka, tangu wiki iliyopita.

"Na wengine walioandikwa ni akina nani?"

Alifikiri. Akasema katika mtaa huu hakuna mwingine. Ni yeye tu.

Nilimwangalia nikisubiri aisikie kauli yake mwenyewe. Hakuisikia. Nikamwambia polepole, "Kwa hiyo msingemtaja ninyi, karatasi ingekwenda tupu."

Alichukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo kwamba hata mume wangu angekuwa hai angemwandika hivyohivyo, kwa herufi kubwa, ili waone anaheshimika.

Najua angefanya hivyo kweli. Nimerudi nyumbani nikapiga simu kwa shemeji. Nimemwambia sasa.

Jumamosi, tarehe 19

Lori linakuja Jumatatu asubuhi. Tunakwenda wote wawili. Nimepiga pasi nguo zote zilizokuwa ndani na kumpelekea kila mtu nyumbani kwake. Sikutaka waje. Wamenipokea vizuri. Muuguzi aliuliza kwa nini najisumbua kwenye mvua, mwalimu alinikaribisha chai. Nikasema nina haraka. Sebule imebaki na kamba tupu na Mama kwenye kiti chake.

Sikujua nimwambieje. Nimekaa chini miguuni pake nikamwambia yote kama nilivyoambiwa na Gundi, bila kuruka. Kadi, mifuko, matokeo, karatasi. Alisikiliza bila kunikatisha, mikono mapajani. Nilipofika kwenye watu kumi na mmoja aliinua kidole.

"Kumi na mmoja?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Aliwahesabu kwa midomo, nadhani akijaribu kujua ni nani na nani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepelekewa salamu kutoka mbali. "Sikujua ninapendwa hivyo," akasema. Hakuwa na kejeli, nimeangalia vizuri.

Kisha ameniuliza kama nimempa Gundi shati lake. Nimesema nimempa. Ameniuliza kama lori la mwanawe lina ngazi ya kupandia. Nikasema halina, ni refu, na kwamba shemeji atamwinua.

"Tafuta kigoda," akasema. "Wakituona tunafunga mizigo watakuja wote. Watalia, na watalia kweli. Watataka kunibeba mpaka kwenye lori. Usikubali."

Nimesema sitakubali. Nimetoka kutafuta kigoda.